Mto wa Pangani, mkoa wa Tanga: jinsi njia zilivyolihamisha bonde

Mto mkubwa kuliko yote katika Mkoa wa Tanga haufiki Tanga mjini. Unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unateremka kusini-mashariki ukiiacha milima ya Upare na Usambara mkono wa kushoto, unapita Korogwe na Hale, halafu unamwaga maji yake Pangani, kilomita hamsini hivi kusini mwa jiji. Katikati ya karne ya 19, mfanyabiashara wa Unguja aliyetaka pembe za ndovu za Umasaini alipakia mali yake jahazini akaenda Pangani. Tanga ilikuwepo, ila kwa safari ya namna hiyo haikuwa mbele ya Pangani. Leo bandari iko Tanga, reli iko Tanga, na mkoa wenyewe unaitwa Tanga. Pangani imebaki makao makuu ya wilaya, na minazi yake, majumba yake ya kale na pantoni ya kuvukia Bweni.

Ukiuliza sababu, wengi watakwambia Wajerumani waliipenda zaidi Tanga. Jibu hilo lina ukweli wake, ila linaruka mambo mengi. Bonde la Pangani limehamishwa kitovu chake mara kadhaa, na kila mara kilichokihamisha ni njia: ya wapagazi, ya reli, ya lami, na hata njia ya maji yenyewe yalipogeuzwa kuwa umeme. Mji ulioachwa na njia ulisinyaa, na ulioguswa na njia ulijaa wageni ambao baada ya vizazi viwili wakawa wenyeji. Ukiufuatilia mpangilio huu, hata swali la nani ni "mtu wa Tanga" linaanza kueleweka.

Mto usiopandika

Tuanze na jambo ambalo ramani hailisemi. Mto Pangani haupandiki kwa chombo hadi bara. Mdomoni kuna fungu la mchanga linalozuia meli kubwa; majahazi na mashua huingia kwa kusubiri maji kujaa. Ukishaingia unaweza kupanda kwa mtumbwi au mashua kwa masafa ya kiasi, kisha unakutana na maporomoko karibu na Hale, na safari ya majini inaishia hapo. Kwa hiyo wasafiri walitembea kwa miguu, na mto wakaufuata kandokando kwa sababu mbili: maji ya kunywa na chakula cha kununua. Uwanda ulio magharibi mwa Upare na Usambara ni mkavu, na msafara wa mamia ya watu hauwezi kukatisha nyika bila kujua maji yako wapi.

Hiyo ndiyo iliyoipa Pangani thamani yake. Mji ulikuwa mlangoni mwa njia yenye maji, inayokwenda Kilimanjaro na Umasaini. Wahindi walikopesha mtaji, Waarabu na Waswahili wakaongoza misafara, na vitambaa, shanga na waya vikapanda bara kubadilishwa kwa pembe na kwa watu. Kandokando ya mto, jirani na mji, yakafunguliwa mashamba ya miwa ya wenye asili ya Omani, yakilimwa na watumwa na kutoa sukari iliyosafirishwa ng'ambo. Hayo ndiyo mashamba makubwa ya kwanza kubadili sura ya kingo za mto huu. Tunaposimulia habari za shamba kubwa huku kwetu huwa tunaanzia na mkonge, lakini miwa ilitangulia, na jasho la kwanza lililomwagwa humo halikulipwa hata senti.

Februari 1857 Richard Burton na John Speke walipita Pangani kwenda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara. Vitabu vya Kizungu huwaita wavumbuzi, ingawa walipita katika njia iliyokuwa imeshakanyagwa na misafara, na mmisionari Ludwig Krapf alikuwa ameshafika kwa Kimweri mwaka 1848. La maana zaidi katika safari ile ni mtu waliyempata Chogwe, kwenye kituo cha askari wa Sultani wa Unguja kando ya mto. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa hadi India, akarudi huru na kuajiriwa askari. Speke akamchukua, na baadaye Bombay akatembea na Speke tena, na Stanley, na Cameron. Mtu mmoja, mzaliwa wa kusini ya mbali, aliyepitia India, anaokotwa kando ya Mto Pangani na kuishia kuijua Afrika ya kati kuliko waliomwajiri. Bonde hili lilishazoea watu wa namna hiyo.

Utawala unateremka mlimani

Athari kubwa zaidi ya njia ya misafara ilitokea kwa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Nguvu ya Kimweri ilikuwa Vuga, juu mlimani, palipo na mvua, migomba na ushuru wa chakula. Alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, warithi wakagombana. Mwanawe Semboja hakuhangaika sana na kiti cha Vuga. Alikaa Mazinde, bondeni, pembeni mwa njia. Pale alipata kitu ambacho mlima haukuwa nacho: bunduki, baruti na vitambaa kutoka kwa wasafiri waliolazimika kupita mlangoni pake. Mwenye bunduki bondeni akawa na nguvu kuliko mwenye heshima ya kale mlimani, na vita vya ndani vilivyofuata vikawalisha watu wa Usambara kwenye soko la watumwa la pwani.

Wabondei, walioishi vilima vya chini kati ya Usambara na bahari, waliitumia nafasi hiyo kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Uasi huo huitwa Kiva. Kabla yake "Bonde" lilikuwa zaidi jina la sehemu ya chini ya nchi ya Kimweri. Baada yake watu wakaanza kujihesabu kuwa kabila lenye mambo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1860 wamisionari wa Kianglikana nao wakafika Magila, karibu na Muheza, wakafungua shule. Ndiyo maana Ubondei ukatoa mapema walimu na makarani, na ndiyo maana hadi leo Mbondei na Msambaa wanataniana kama watu waliowahi kukaa nyumba moja wakagombana.

Wazigua, ng'ambo ya kusini ya mto, wana kisa kingine, na nakitaja kwa sababu kinaonyesha njia za bonde hili zilifika mbali kiasi gani. Wakati wa njaa ya miaka ya 1830 wengi wao walipakiwa majahazini na kupelekwa pwani ya Somalia, wakaishia utumwani. Waliotoroka walijenga vijiji kando ya Mto Juba, wakaendelea kuzungumza Kizigua kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, baadhi yao walikimbilia Tanga. Baadaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Walirudi wakiwa wakimbizi katika nchi ya mababu zao, wakakuta wenyeji wanaelewana nao kwa lugha. Ukimtafutia mtu kama huyo kabila na taifa kwa kutumia fomu ya ofisini, fomu haitatosha.

Mwaka 1888 Sultani alikabidhi pwani kwa kampuni ya Kijerumani, na Agosti mwaka huo wakala wake Pangani, Emil von Zelewski, akajaribu kushika forodha na kupandisha bendera kwa ubabe. Mji ukakataa. Abushiri bin Salim al-Harth, mwenye shamba la miwa jirani na Pangani, akawa kiongozi wa vita vilivyosambaa pwani. Kusini kidogo, Bwana Heri wa Saadani akapigana na Wazigua wake. Wajerumani walimnyonga Abushiri hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Shule hutufundisha vita hivi kama vita vya uhuru, na kwa sehemu ni kweli. Lakini vilikuwa pia vita vya njia: nani atoze ushuru wa pembe, nani akopeshe, nani afunge na kufungua mlango wa bara. Abushiri alikuwa mwenye watumwa. Kata moja ya Wilaya ya Pangani inaitwa Bushiri hadi leo, na sioni ubaya kumkumbuka huku tukikumbuka na hilo.

Reli inaupa mto kisogo

Hapa ndipo Pangani ilipopoteza. Meli za mvuke hazikutaka kusubiri maji kujaa juu ya fungu la mchanga. Zilitaka kina na kinga dhidi ya mawimbi, na ghuba ya Tanga, iliyokingwa na kisiwa kidogo mdomoni, ilikuwa na vyote viwili. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Ilikwenda kwa kusuasua. Ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua 1899. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, na Moshi mwishoni mwa 1911.

Angalia njia yenyewe. Kutoka Tanga inakatisha Ubondei, inaukuta mto karibu na Korogwe, kisha kutoka hapo inafuata takriban bonde lilelile la wapagazi: Mombo, Mazinde, Buiko, chini ya Upare. Reli ilichukua njia ya kale, ikaikata mwisho wake wa pwani na kuuhamishia Tanga. Pangani ilibaki na mto, lakini mizigo haikuwa na sababu tena ya kuufuata mto hadi mwisho. Wapagazi, kazi iliyowapa vijana wengi fedha na sifa, wakakosa safari katika ukanda huu ndani ya miaka michache. Mji wenye mawakili wa misafara, wenye kukopesha na wenye kupangisha maghala ulibaki na maghala.

Tanga ikakua kama mji wa reli unavyokua. Ng'ambo ya stesheni, Ngamiani ilichorwa kwa mistari, na barabara zake zikapewa namba tu, Barabara ya Kwanza, ya Pili, mpaka zinapita ishirini. Mgeni aliyeshuka kwenye treni hakuhitaji kujua ukoo wa mtu ili afike nyumbani kwake. Miji ya kale ya pwani haikupangwa hivyo.

Ajabu ni kwamba zao lililokuja kuijaza reli hiyo lilianzia Pangani. Mwaka 1893, mwaka uleule wa kuanza reli, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika baada ya kupitia Hamburg, iliyokuwa hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, jirani na mdomo wa mto. Asili ya mmea ni Mexico. Kutokana na miche hiyo mkonge ukasambaa hadi kufunika sehemu kubwa ya nchi tambarare kati ya bahari na milima.

Mkonge ulibadili ardhi kuliko kitu kingine chochote kabla yake. Jani lake ni zito na singa zake ni chache, asilimia chache tu za uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo huwezi kubeba majani mbali. Unajenga korona, mashine ya kukwangua singa, katikati ya shamba, unaileta karibu na maji mengi ya kuoshea, na unatandika vijireli vya kuvutia majani kutoka shambani. Mashamba yakafuata mto, vijito vyake na reli: Ngombezi, Magunga, Hale, Mazinde, na Kigombe upande wa pwani. Vichaka na misitu ikafyekwa, mistari ikanyooshwa hadi upeo wa macho. Maji machafu ya korona yakarudishwa mtoni, jambo ambalo kwa miongo mingi hakuna aliyeona haja ya kulihesabu kama gharama.

Mashamba yalihitaji mikono ambayo wenyeji hawakutaka kuitoa, kwa kuwa walikuwa na mashamba yao na soko karibu la kuuzia chakula. Wakaletwa manamba kutoka mbali: Wabena kutoka kusini, Waha kutoka Kigoma, Wamakonde waliovuka Ruvuma, Warundi, Wanyamwezi. Mtu alipewa kipande cha siku thelathini za kazi, na siku isiyokamilisha kiwango haikuandikwa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kusaka wafanyakazi, na malori na treni zikawa zinamwaga watu Korogwe na Muheza. Wengine walirudi kwao mkataba ulipoisha. Wengi walibaki, wakaoa, wakanunua kiwanja. Uliza leo majina ya ukoo katika mtaa wowote wa Korogwe au Muheza, utasikia nusu ya nchi.

Wenyeji wa pwani wana msemo, "waja leo, waondoka leo", nao husemwa kwa majivuno kidogo, kana kwamba mji ni wa watu wasiotikisika na wapita njia. Mimi nauona kinyume chake. Tanga ya miaka ya 1960, ile yenye Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star kwenye taarab, ilichezeshwa kwa sehemu kubwa na mishahara ya reli, bandari na mkonge, yaani fedha za waja. Raha za Tanga zilipikwa na watu ambao wazazi wao walishuka stesheni.

Mkonge ulifika kilele mwaka 1964, Tanzania ikizalisha takriban tani 230,000, nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaanguka. Mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi katikati ya anguko hilo, na usimamizi mbovu ukaongeza maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Mjadala wa nani wa kulaumiwa, soko au siasa, haujaisha vijiweni, na nadhani walio upande wa siasa husahau kwamba plastiki ilikuwa imeshaingia kabla ya Azimio la Arusha. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kichaka, vibarua wakalima mahindi katikati ya mistari ya mkonge. Sasa baadhi ya mashamba ya Korogwe yanalimwa na wakulima wadogo kupitia vyama vya ushirika, na bei imewarudisha wengine shambani.

Mto unapelekwa kwa waya

Wakati watu wakiangalia mkonge, mto wenyewe ulikuwa ukibadilishwa kazi. Maporomoko yaliyowazuia wasafiri yaliwavutia wahandisi. Wakati wa Waingereza kulikuwa tayari na kituo cha umeme pale Pangani Falls. Baada ya uhuru likaja la Hale, megawati 21, mwaka 1964. Bwawa la Nyumba ya Mungu huko juu, megawati 8, likamalizika miaka hiyohiyo ya 1960. Na mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani Falls chenye megawati 68. Jumla ni megawati 97, na sehemu kubwa ya umeme huo ilikwenda kwingine kupitia gridi. Vijiji kadhaa vya kandokando viliona nguzo kubwa zikipita juu kwa miaka mingi kabla ya kuona taa.

Nyumba ya Mungu ilizua ziwa mahali palipokuwa pakavu, wavuvi wakahamia kutoka kila upande, na kijiji kipya kikazaliwa na lugha nyingi ndani yake. Chini ya bwawa ilikuwa kinyume. Mafuriko yaliyokuwa yakilisha kinamasi cha Kirua yakadhibitiwa, kinamasi kikasinyaa, na pamoja nacho malisho na samaki.

Na maji yenyewe hayatoshi tena. Bonde lina kilomita za mraba takriban 43,000, na wanywaji wake wameongezeka juu kuliko chini: mifereji ya kale ya Wachaga, mashamba ya miwa na mpunga ya uwanda wa Moshi, miji ya Arusha na Moshi. Kila lita inayobaki juu ni lita isiyozungusha mtambo Hale. Ndiyo sababu bonde hili lilikuwa la kwanza nchini kupewa ofisi yake ya maji, mwaka 1991, na ofisi ikakaa Moshi, kwenye chanzo cha mto na chanzo cha ugomvi. Matokeo ya mwisho yanaonekana Pangani: mto unaposhuka na nguvu kidogo, maji ya chumvi hupanda ndani, na wakulima wa kandokando hulalamika kuhusu minazi na visima. Mji uliopoteza misafara, kisha bandari, sasa unashindania na watu wa mlimani maji matamu ya mto uliobeba jina lake. Upande wa pili bahari nayo inakula fukwe, na kuta zimejengwa kuikinga.

Lami ilipokuja, ilihamisha tena mambo. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha inapita Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo. Reli ilipozorota, treni ya abiria ikasimama kwa miaka mingi hadi iliporejea Moshi Desemba 2019, na katika pengo hilo mabasi yakazaa uchumi wake: Segera ya njiapanda, Korogwe ya chakula cha mchana, Michungwani ya machungwa yanayopandishwa madirishani kwa nyavu. Tanga mjini, kwa mara ya kwanza tangu 1893, ikajikuta pembeni mwa njia kuu, kwenye tawi linalotoka Segera.

Sasa inajengwa barabara ya pwani, kilomita 250 hivi, kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge, Saadani na Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mdomo wa mto, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia zote nilizozitaja zilitoka baharini kwenda bara. Hii inafuata pwani na kuukata mto mahali unapoingia baharini, pale ambapo msafiri siku zote alisubiri chombo. Pangani inategemea watalii na mizigo, na bei ya viwanja ndiyo itakayotangulia kupanda. Swali langu mimi liko upande mwingine. Basi la Tanga kwenda Dar likishapata njia fupi ya pwani, halitakuwa na haja ya Segera, na muuza machungwa wa Michungwani atabaki na mabasi ya Moshi na Arusha peke yake. Ni wilaya mbili tofauti, Pangani na Handeni iliko Michungwani, na sijasikia mpango wa barabara uliowakutanisha wafanyabiashara wa pande hizo mbili wakae meza moja.